Marahaba ya Shikamoo Gani

Jumatatu, 4 Machi

Naanza shajara hii nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko ni huuhuu. Mama amerudi kutoka kazini hospitali, akavua viatu mlangoni, akakaa bila hata kuuliza kama nimepika. Nilijua kuna jambo. Akaniambia mwalimu wa hesabu alikuja wodini kumtazama mgonjwa, na alikuwa anachechemea. Mguu wake mzima kabisa. Tatizo ni viatu: kisigino cha kushoto kimezidi cha kulia kwa unene wa kidole.

"Vimetengenezwa wiki iliyopita," Mama akasema. "Kule kwake."

"Kule kwake" ni kwa Bibi, mama yake mzazi, fundi viatu, anayekaa mitaa mitatu tu kutoka hapa. Mama na Bibi hawajasemezana kwa miaka kumi na moja. Mimi nina kumi na nane. Bibi huwa nakutana naye njiani, namwamkia, ananiitikia, kila mtu anashika njia yake.

Mama anasema Bibi hawezi kukosea kisigino. Akikosea, basi haoni. Na kwa kuwa nimemaliza shule na kazi yangu ni kusubiri matokeo na kumaliza sukari, nimepangiwa kwenda huko kila asubuhi "kujifunza ufundi". "Na usimwambie nimekutuma." Mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, na mimi nimeanza nazo. Bibi anafanyia kazi chumba cha mbele, mlango unatazama barabara. Ukutani kuna rafu nne za kalibu, ile miguu ya mbao ambayo kiatu hushonewa juu yake. Pananuka gundi na ngozi mbichi. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, aproni imemfika miguuni, misumari mitatu mdomoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka usoni kwake. Nikamwambia ni mimi, mjukuu wake. Akatema misumari kiganjani, mmojammoja, bila haraka.

"Huyo nesi amekutuma."

"Hapana, Bibi. Nimekuja mwenyewe, nataka unifundishe kazi."

"Kumbe nafundisha! Mimi mwenyewe nilikuwa sijapata habari." Akacheka peke yake mpaka akakohoa. "Haya, kaa hapo, Mpelelezi. Nitungie uzi kwenye sindano."

Nimetunga sindano kumi na mbili. Nilidhani ananikomoa. Nilipokuwa naondoka nikaona amezichomeka zote kwenye kipande cha sponji, zimejipanga, za kutumia nikishakwenda. Njiani sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sindano kumi na nne. Nimegandisha kidole gumba changu kwenye soli ya mteja.

Jumamosi, 9 Machi

Sasa naelewa anavyofanya. Ngozi anaijua kwa kunusa. Ukingo wa soli anaupitia kwa ukucha wa kidole gumba, na palipo na kasoro anaguna. Kushona, haoni hata tundu moja, lakini mishono inatoka imenyooka kunishinda mimi mwenye macho mawili mazima. Anapokwama ni pale vitu viwili vinapotakiwa kulingana, kisigino na kisigino. Hapo vidole havimsaidii. Nimemchungulia machoni alipogeukia mlango: mboni zote mbili zimefunikwa na weupe, kama maziwa yaliyomwagwa kidogo kwenye chai.

Nikirudi nyumbani Mama ananisubiri. "Anakula?" Nasema anakula. "Anakula nini?" Chakula. "Usinijibu hivyo, mimi si rika lako." Kesho yake asubuhi Bibi naye, huku anapiga nyundo kama vile hajali: "Huyo nesi bado anafanya zamu mbili?" Nasema ndiyo. "Miguu haimvimbi?" Inavimba. "Anavaa viatu vya dukani, lazima ivimbe."

Mmoja anasema "kule kwake", mwingine anasema "huyo nesi". Hakuna anayemtaja mwenzake kwa neno la undugu, na wote wananitegemea mimi kwa habari. Ningekuwa redio ningekuwa nimeshaishiwa betri.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwomba Mama anisimulie yote. Mambo yalikuwa hivi. Babu aliugua kifua. Mama alipopata habari alikwenda na gari la kukodi, akamchukua akampeleka hospitali kwake, Bibi akiwa anapinga na kushika mlango wa gari. Siku ya pili Babu akafariki. Msibani, mbele ya watu wote, Bibi akasimama akamnyooshea Mama kidole: "Huyu ndiye aliyemuua baba yake. Angemwacha kitandani kwake angekuwa hai." Mama akanishika mkono tukatoka. Nilikuwa na miaka saba. Maneno siyakumbuki, ila nakumbuka alivyonibana vidole mpaka nyumbani.

Leo nikamuuliza Bibi naye. Akapiga msumari mapigo matatu, la nne akapiga meza. "Lete msasa," akasema. Ndiyo hadithi yake nzima.

Mimi niko upande wa Mama, na naandika wazi. Bibi anachekesha, mikono yake naipenda, lakini maneno yale hayasemwi kwa mtoto wako. Nimemletea msasa na nimeuweka kwa kishindo.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda. Nimelala hadi saa nne asubuhi. Raha tupu.

Ijumaa, 22 Machi

Mama kaja na habari kubwa. Wiki ya mwisho ya Aprili madaktari wa macho watakuja hospitali yao, siku tano tu, kutoa mtoto wa jicho. Wakiondoka, ni mpaka mwakani. Anasema kwa jinsi ninavyomweleza, mwakani Bibi atakuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango. "Mwambie kama vile umesikia mtaani."

Nikamwambia Bibi kama vile nimesikia mtaani.

"Hospitali ipi?"

"Si ileile moja tuliyonayo, Bibi."

"Siendi pale."

"Lakini Bibi, macho..."

"Nimesema siendi pale. Nitaingiaje? Nipite mbele ya huyo nesi, nimwambie nini?" Akainama kwenye kazi yake. Halafu, polepole: "Nina kalibu za mji mzima hapa, zote nazijua kwa kugusa. Zinanitosha."

Hazimtoshi. Mwalimu wa hesabu amepeleka viatu kwa fundi mwingine, na Bibi anajua.

Jumamosi, 30 Machi

Nimefanya jambo ambalo hata sijui niliite nini.

Mvua ilinyesha asubuhi nzima, hakuna mteja. Bibi alikaa mikono mapajani, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akauliza, hakutaja nani: "Hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Na mdomo wangu ukaendelea wenyewe: "Anakuamkia. Anasema shikamoo, na mgongo unaendeleaje na baridi hii?"

Mama hajasema neno kama hilo. Bibi aligeuza uso upande wangu. Hakuitikia. Akachukua nyundo, akaanza kugonga soli ambayo tulishaimaliza jana.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepeleka shikamoo nyingine. Kimya.

Jumatatu, 8 Aprili

Ya nne hii. "Anasema shikamoo, na anauliza kama paa linavuja."

"Linavuja," Bibi akasema.

Si marahaba, lakini ni jibu. Nimefurahi nikajipaka gundi mpaka kiwiko.

Ijumaa, 12 Aprili

Bibi alikuwa anakata ngozi ya soli kwa kile kisu chake kifupi. Nilimwambia nikate mimi, akasema nikikata mimi tutavaa majani. Kisu kikateleza. Hakupiga kelele. Alisema tu "ah", kama mtu aliyesahau kitu, nikaona damu inatiririka kwenye aproni. Kiganja cha kushoto, kimepasuka kutoka kidole gumba mpaka katikati.

Nikamfunga kwa khanga yangu. Nikamwambia twende hospitali. "Siendi." Nikamwambia atakufa na tetenasi. "Basi nitakufa na tetenasi. Usimwambie mtu." Nikamkaripia. Ndiyo, mimi, nimemkaripia bibi yangu mzaa mama kwa sauti ya kufika barabarani: nilimwambia ana kichwa kigumu kuliko kalibu zake zote. Halafu nikaona anatafuta kile kisu sakafuni kwa mkono mzima, anapapasa, na kisu kiko wazi mbele ya goti lake, hakioni. Nikalia. Akanisikia nalia, akaacha kukitafuta.

"Njoo hapa," akasema. "Mimi naogopa, mwanangu. Unadhani siogopi? Lakini siwezi kwenda kuomba macho mahali pa mtu niliyemtukana."

Nilikimbia mpaka wodini na matope yangu. Mama alisikiliza, akapauka, akanivuta stoo. Alimtuma muuguzi mwenzake aende na sindano ya tetenasi na kushona kidonda palepale nyumbani, halafu akanipa bandeji na dawa za kuendelea kusafisha. Alinionyesha namna ya kufunga, mara tatu, kwenye mkono wake mwenyewe. Alikuwa anafunga na kufungua, anafunga na kufungua. "Usiibane sana. Ngozi yake nyembamba hapo." Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akasema ana zamu. Mama yangu nampenda, lakini kwa mara ya kwanza nimemwona mwoga.

Jioni nilipobadilisha bandeji, Bibi akaipapasa kwa vidole vya mkono wa pili, akaufuata mzunguko wake wote. Halafu akasema: "Mwambie marahaba."

Nikadhani sikusikia sawasawa.

"Mwambie nimesema marahaba. Mgongo haujambo."

Jumamosi, 13 Aprili

Ningekuwa na akili hata ya kuku ningekaa kimya. Lakini marahaba ile nilikuwa nimeibeba usiku kucha kama yai, na asubuhi, Mama anakunywa chai, nikaitua mezani.

"Bibi anasema marahaba."

Mama akaweka kikombe chini. Uso ulimlegea, nikaona msichana ndani yake, nakwambia kweli. Ilikaa muda wa kuhesabu tano. Kisha nyusi zikakutana.

"Marahaba ya shikamoo gani?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi ni mjinga. Marahaba haijitokezi yenyewe. Hakuna mtu duniani anayeitikia kabla hajaamkiwa.

"Nimekuuliza. Nani amemwamkia?"

Nikasema yote: zile shikamoo nne, mgongo, paa. Sijawahi kuona Mama amekasirika namna ile bila kupandisha sauti. "Umenisemea," akasema. "Miaka kumi na moja nimekaa na neno langu moja kifuani, wewe umekwenda kulitoa kama pipi." Nikamwambia alikuwa na nafasi ya kulitoa mwenyewe, mitaa mitatu tu. Akaondoka bila kumaliza chai.

Kwa hiyo nimekosa huku, na Bibi naye akijua nimekosa kule.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama ananiambia maneno mawili kwa siku: "chumvi" na "mlango".

Ijumaa, 19 Aprili

Kidonda kinafunga vizuri. Madaktari wa macho wanaanza Jumatatu, orodha inafungwa Jumatano jioni. Nimemwomba Bibi tena. Akasema, "Tutaona," halafu akacheka kwa uchungu kwa neno alilochagua. Sijamwambia kuhusu shikamoo. Kila nikifungua mdomo naona zile sindano kwenye sponji.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika taratibu, nisiache kitu.

Saa tisa mchana mvua ilikuwa imepungua. Nilikuwa nachovya brashi kwenye rangi nikaona mtu amesimama mlangoni, sare nyeupe, mwavuli haukusaidia kitu. Mama. Nilimtolea macho kumwuliza, hakunitazama.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bibi hakushtuka. Aliweka kiatu chini, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nilishaitikia," akasema.

"Ile haikuwa yangu. Ni huyu mtoto alitunga."

"Najua."

Brashi ikaniponyoka, ikadondoka ndani ya kiatu cha mtu.

"Toka ya kwanza najua," Bibi akasema. "Wewe umekulia hapa ndani, lini uliniuliza habari za mgongo? Wewe ukiamkia unaamkia tu, kavu, unapita. Huyu anaamkia kwa madoido."

"Sasa kwa nini uliitikia?"

"Si ili uulize! Nilijua ukisikia marahaba utauliza ni ya shikamoo gani. Na nilijua hutaweza kukaa nayo. Nimekaa siku kumi na mbili nasikiliza huo mlango. Nikasema labda nimekosea." Akageuzia uso mlangoni. "Marahaba, mwanangu. Hii ni ya leo."

Mama alibaki pale mlangoni, maji yanamdondoka. Nikadhani watakumbatiana. Wapi! Akavua viatu vyake vya dukani, akavisukuma pembeni kwa mguu.

"Nimekuja kupimwa," akasema. "Miguu inaniua."

Kwa Bibi, mteja akipimwa anasimama juu ya karatasi, uzito wote kwenye mguu, na fundi anapiga magoti chini anauzungushia penseli. Anawafanyia wote hivyo, madereva, walimu, watoto. Lakini nilipomwona anashuka kwenye kigoda kumpigia magoti mtoto wake wa kumzaa, mwili ulinisisimka. Mama naye akarudi nyuma.

"Mama, usipige magoti. Nipe penseli, nitachora mwenyewe."

"Ukiinama mguu unabadilika. Simama wima. Hapa fundi ni mimi."

Akasimama wima. Bibi akaushika mguu wake. Penseli hakuiona inapopita, akawa anatanguliza kidole cha mkono wenye bandeji, penseli ikifuata nyuma. Alifika kwenye kile kifundo cha kidole gumba cha Mama, akakisugua. "Kimekua," akasema. Halafu hakuinuka. Aliongea akiwa amekitazama kile kifundo asichokiona.

"Baba yako aliugua wiki tatu kabla hujaja. Wiki tatu. Alisema nisikusumbue, na mimi nilikuwa na viatu sitini vya walinzi vya kumaliza. Kila jioni nikasema nitamwita kesho. Ulipokuja na gari nilikuwa nimeshachelewa, na nilijua. Pale msibani nilikuwa najisema mimi. Kidole nikakunyooshea wewe."

Mama akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ileile aliyolazwa. Mapafu hayawi vile kwa siku mbili, mama. Mimi ni nesi."

Bibi aliinua uso. "Ulijua, na ulisimama ukaniacha niseme vile mbele ya watu? Neno moja tu ungenijibu!"

"Ningekujibu, ungebaki na nini? Mume ulikuwa umeshampoteza siku ile." Mama alikuwa analia sasa, amesimama wima vilevile, mguu haukusogea kwenye karatasi. "Nilitaka useme wewe mwenyewe. Nikasubiri. Halafu nikakasirika kwamba nasubiri. Halafu nikazoea. Hapo ndipo nilipokosea mimi."

Bibi akaegemeza paji la uso kwenye goti la Mama. Mama akaweka mkono juu ya kilemba chake. Wakakaa hivyo. Mimi nilisimama na kiatu chenye rangi ndani yake, nalia kama aliyekatwa kisu ni mimi, na nikawaza kwamba wiki hizi zote nilikuwa nachagua upande, kumbe hapakuwa na upande. Palikuwa na watu wawili, kila mmoja amejificha nyuma ya mwenzake.

Baadaye Mama akajifuta, akarudi kuwa nesi. "Viatu utanishonea ukishaona. Kabla ya hapo sivai. Orodha inafungwa saa kumi na moja."

"Unanilazimisha."

"Ndiyo."

"Na huyu Mpelelezi?"

Wakanigeukia wote wawili. Nilikaripiwa dakika kumi kamili, mmoja akimeza mate mwenzake anapokea: kuongopea wakubwa, kuchezea salamu, kuharibu kiatu cha mteja. Ni kitu cha kwanza walichokubaliana kwa miaka kumi na moja. Sijawahi kukaripiwa nikiwa na furaha namna ile.

Tulifika hospitali saa kumi na nusu, Bibi katikati, ametushika sote mikono.

Ijumaa, 26 Aprili

Amefanyiwa jicho la kulia. Anasema daktari ana mikono mizuri, angefaa kushona viatu.

Jumamosi, 27 Aprili

Bandeji ya jicho imetolewa leo asubuhi. Mama hakuwa zamu, alikuja na gauni lake la kawaida. Muuguzi aliondoa pamba, akasafisha kope, akamwambia Bibi afumbue polepole.

Bibi alifumbua. Alipepesa, machozi yakamtoka, akatazama dirisha, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe una meno makubwa hivyo." Sote tukacheka. Halafu akamgeukia Mama, na kicheko kikamtoka usoni.

Alimtazama kwa muda mrefu. Mama akaanza kuona aibu, akashika nywele zake, ambazo mbele zimekuwa nyeupe. Bibi akainua kidole akampitisha pembeni ya jicho, kwenye ile mistari, kisha chini, pembeni ya mdomo, polepole, kama anavyopitia ukingo wa soli.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Umezeeka na mimi sikuwepo."

Mama akaushika ule mkono, akaubana shavuni.

"Hujachelewa, mama," akasema. "Kuzeeka kwenyewe bado kupo kwingi."